Karibu ya Pili

Bwana Temu alinipa habari ile mlangoni mwa kanisa, Kirua Vunjo, watu wakiwa bado wanashikana mikono na mnada wa mavuno ukiendelea chini ya turubai. Siku hizi Temu anatembea na fimbo na sikio lake moja halisikii, kwa hiyo hata mambo ya kunong'ona huyasema kwa sauti ya kuhubiri. "Dada Manka," akasema, "yule mzee wetu amefariki. Okuda. Binti yake amenitumia ujumbe." Watu wawili watatu wakageuka kututazama. Nikampa pole, naye akanipa pole, tukabaki tumesimama pale, wafiwa wasio na matanga. Huku kwetu mtu akifa unajua la kufanya. Unabeba ndizi, unabeba kuni, unakwenda kukaa jikoni kwa marehemu na wanawake wenzako, mnamenya, mnasengenya kidogo, na uchungu unapata mahali pa kupungulia. Huyu alikuwa amekufa upande wa pili wa dunia na mimi sikuwa na jiko la kwenda kukaa. Nikanunua mnadani mkungu wa ndizi ambao sikuuhitaji, nikarudi nyumbani, nikapika wali mweupe usio na chumvi wala mafuta, nikaula mezani peke yangu.

Nazungumzia mwaka mmoja tu, wa mwanzoni mwa miaka ya themanini, vita vya Uganda vimekwisha na madukani hakuna kitu. Mambo ya nyumbani kabla ya hapo sitayasimulia. Waliohusika wengi wamelala kwenye migomba yao na nimekwisha kuwasamehe, au nimechoka kutowasamehe, sijui tofauti yake ni nini. Inatosha kujua kwamba nilikuwa nimeachika, kwamba sikuwa nimepata mtoto, na kwamba nilishuka mjini kupanga chumba Pasua ili nisiangaliwe angaliwe. Watu hudhani mwanamke aliyeachika anakosa mwanamume. Labda wengine. Mimi nilikosa mtu wa kula naye. Katika ndoa yangu nilikuwa nikipika sufuria la ukoo mzima, na mkono wangu haukujua kipimo kingine. Pale Pasua nilisonga ugali, nikala robo, uliobaki nikautazama mpaka ukaota ngozi. Mwaka ule nilitaka kitu kimoja, na nakisema mapema ili asiyenijua asitafute kingine: nilitaka mtu aniite, nikae, tule.

Si kwamba hakuna aliyeniita. Nyumba ya Pasua ilikuwa na vyumba pande mbili na ua katikati, na chumba cha mbele alikaa Mama Zubeda, ambaye alikuwa ameweka meza mbili na mabenchi barazani akauita mkusanyiko huo hoteli. Ukipita uani watu wakiwa kwenye mkeka, kila mmoja atasema "Karibu," nawe utajibu "Starehe," maana yake endeleeni tu, msijisumbue kwa ajili yangu. Hiyo karibu ya kwanza ni salamu. Karibu ya pili ndiyo inayokuita. Ya tatu mtu anainuka, anakushika mkono, anakusogezea maji ya kunawa, na hapo ukikataa umeleta ugomvi. Hakuna aliyetufundisha haya, tumezaliwa tukayakuta. Mama Zubeda alifika hadi ya tatu mara nyingi. "Njoo bwana, usituringie na Uchagga wako," angesema, akinivuta. Lakini alinivuta kwa huruma, kwa sababu alijua habari yangu, na huruma ina ladha yake kwenye tonge. Nikaanza kurudi nikiwa nimechelewa kusudi, watu wakiwa wamekwisha kuosha vyombo.

Temu ndiye aliyenipatia kazi. Wakati huo alikuwa kijana wa suti ya Kaunda, mkalimani wa mradi wa mpunga kule Mabogini, ambako Wajapani walikuwa wakichimba mifereji na kusawazisha majaruba. Mmoja wao, Okuda, mhandisi wa mifereji, alitafuta mpishi. Wakulima walimwita Bwana Mfongo, kwa jina la mifereji ile ya zamani ya mlimani, kwa sababu alipofika alianza kwa kupanda juu kwenda kuitazama, akachuchumaa kando ya maji asubuhi nzima. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, nywele zimeanza mvi pembeni. Mke na binti walibaki kwao. Mama mkwe aliumwa, binti alikuwa shuleni, basi ikawa hivyo. Nyumba yake ilikuwa Shanty Town, ile mitaa ya miti mikubwa na nyumba za wakubwa, na ndani yake kulikuwa na meza ndefu ya mninga iliyoachwa na Waingereza, viti pande zote, na yeye akakaa kwenye ncha moja. Kati ya chumba hicho na jiko palikuwa na dirisha dogo la kupitishia vyombo, lenye mlango wa mbao usiofunga vizuri. Kupitia ufa wa mlango ule niliishi mwaka mzima.

Siku ya kwanza nilipitisha chakula, nikasikia kiti kikivutwa. Akasimama kando ya meza, akaniangalia kupitia dirishani, akasema polepole, neno kwa neno, "Karibu. Chakula." Nikatazama mezani nikaona mabakuli mawili. Moja mbele yake, moja upande wa pili, na jozi ya vijiti imelazwa kando ya kila moja. Nikasema, kama mtu yeyote aliyelelewa, "Starehe, Bwana." Kisha nikaenda kunawa mikono haraka, nikaipangusa kwenye kanga, nikasimama karibu na mlango nikisubiri ya pili. Nikasikia bakuli likirudishwa kabatini. Nikasikia kiti. Akakutanisha viganja vyake, akasema maneno yake mafupi ya kabla ya kula, yale ambayo baadaye niliyazoea, "itadakimasu," na akaanza kula. Nikakaa kwenye kigoda changu cha jikoni na mikono yangu safi.

Kesho yake akasema tena, mara moja. Nikajibu, mara moja. Kesho kutwa vilevile. Ikawa kama saa ya ukutani: karibu, starehe, kiti. Bakuli la pili halikutokea tena mezani.

Nilimpikia vibaya mwanzoni, na kwa nia njema, ambayo ndiyo njia mbaya zaidi. Aliniagiza kwa vidole: mchele, maji, basi. Nikadhani ni mgonjwa. Kwetu wali ulikuwa wa Krismasi na Pasaka, na kumwekea mtu mzima mwenye afya yake wali mtupu ni kumtangazia kwamba humtaki nyumbani. Nikamwonea huruma. Mafuta ya kupikia siku zile yalipatikana kwa foleni na kwa kujuana, lakini mimi nikachukua chupa yangu ndogo kutoka Pasua, nikawa namtilia kijiko kila siku na chumvi kidogo, na nikahakikisha punje zinachambuka, kila moja peke yake, wali wa kumwonyesha mama mkwe. Yeye akawa anazifukuza punje zile kwa vijiti kuzunguka bakuli, mdomo umekazwa, akimaliza anainamisha kichwa na kushukuru. Alikula hivyo kwa majuma. Hatimaye Temu akaja jikoni, amejaa aibu. "Dada Manka, unatia nini kwenye wali?" Nikasema kidogo tu. "Anasema ahsante sana," Temu akasema, "ila anaomba, kama hutaudhika, wali wenyewe."

Jumamosi ile Okuda aliingia jikoni, akakunja mikono ya shati, akaosha mchele mbele yangu. Aliuosha, akamwaga, akauosha tena, mpaka maji yakawa ya kunywa. Akausawazisha kwenye sufuria, akachovya kidole na kupima maji hadi kwenye pingili ya kwanza. Hapo nikacheka, kwa sababu hata mimi hupima hivyo, na mama yangu alipima hivyo. Nikachovya changu kando ya chake kumwonyesha. Akatazama vidole viwili ndani ya maji, akatikisa kichwa kwa furaha, akasema "Sawa sawa." Wali ulipoiva ulikuwa umeshikana, ule ambao kwetu ungeitwa bokoboko na ungenivunjia jina kijiji kizima. Akachota kidogo kwa vijiti, likanyanyuka donge zima bila kuanguka. Akalitazama kwanza. Halafu akala akiwa amesimama pale jikoni, macho ameyafumba, na nikageukia sinki kwa sababu kuna uso wa mtu ambao hupaswi kuuangalia kama hamjuani sana.

Baada ya hapo nilijifunza kwa tamaa. Vitu vyake vililetwa kwa katoni kutoka Dar es Salaam na nyingine kutoka Nairobi, na alinifungulia kimoja kimoja mezani pa jikoni. Kulikuwa na mchuzi mweusi wa soya, ambao niliuonja kwa ncha ya kijiko nikadhani ni chumvi iliyoungua, na siku ya tatu nikawa nauiba kwa kidole. Kulikuwa na mwani uliokaushwa, mwembamba, mweusi, sawa na karatasi ya kaboni ya mashine ya chapa. Kulikuwa na kile kinyunya cha maharage ya soya kilichochachushwa, rangi ya udongo, ambacho Temu alikimbia harufu yake. Mimi nilikipenda mara moja kwa sababu kilinuka machicha ya mbege, pombe yetu ya ndizi, na nilikuwa na hamu ya nyumbani kuliko nilivyokubali. Chai yake ilikuwa ya majani mabichi, bila sukari. Nikadhani ni kwa ajili ya uhaba, nikampa pole. Samaki walikuwa perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Tuliwapaka chumvi tupu tukawachoma juu ya mkaa hadi ngozi ikapasuka. Supu tuliianza kwa kuchemsha dagaa, kisha dagaa wenyewe tukawatoa, jambo lililoniuma hadi nikawa nawala mimi kimyakimya. Kabichi tuliikata, tukaitia chumvi, tukaigandamiza kwa jiwe nililoliokota mto Karanga, na siku ya pili ilikuwa na mlio mtamu kwenye meno. Kitu kimoja kilinishinda: yai bichi juu ya wali wa moto. Siku za yai nilitoka nje kuanika nguo.

Mwaka juzi Aneth, mtoto wa kaka yangu, alinipeleka mjini kwenye mgahawa mmoja wa siku hizi wanakokula watalii wakishuka mlimani. Wanauza sushi. Wakatuletea kwenye ubao, vipande vimepangwa vizuri, na Aneth akapiga picha kabla hajala, kama wanavyofanya. Nikachukua vijiti, nikala, vilikuwa vitamu, sina neno baya la kusema. "Shangazi," akaniuliza, "wewe vijiti ulijifunza wapi?" Nikamwambia jikoni kwa mtu. Akataka habari yote, nikampa nusu, naye akacheka kwa upendo akasema, "Sasa shangazi si ungekaa tu? Kakuita, bakuli lipo, unakaa." Vijana wanafikiri ni hivyo. Ningekaaje? Anayekaa kwenye karibu ya kwanza ni mtu mwenye njaa, na njaa yake inasimuliwa. Mimi kila kitu changu kilikuwa kimekwisha kusimuliwa Kirua nzima, tumbo langu, ndoa yangu, hata vyombo nilivyorudi navyo. Kitu pekee nilichobaki nacho ambacho hakikuwa mdomoni mwa watu ni kwamba mimi si mtu wa kukimbilia sahani ya mwenzangu. Nilikishikilia hicho.

Vijiti nilijifunza peke yangu, nyuma ya dirisha lile, kwa kuhamisha maharage kutoka sahani moja kwenda nyingine yeye akiwa kazini. Nilijifunza ili siku atakaponiita mara ya pili nisije nikamwaibisha. Nilijiambia hivyo kwa maneno kabisa, sikujificha. Mchana alipokula, nilikula na mimi upande wangu wa ukuta, chakula kilekile, kwa bakuli la bati. Nilikuwa nasubiri aseme maneno yake ndipo nami niseme sala yangu ya Kilutheri chini kwa chini, tukaanza pamoja bila yeye kujua. Nilijua anapofika kwenye supu kwa sababu aliivuta kwa sauti. Nilijua anapotafuna kabichi. Akimaliza mapema, nami niliharakisha. Kuna watu wameoana na hawasikilizani hivyo, na bado niliondoka pale kila jioni nikiwa nimekula peke yangu.

Mara moja wenzake walikuja wote, Wajapani wa mradi, wakapika pamoja jikoni kwangu wakinikanyaga kanyaga na kuomba radhi. Walichovya karoti na vitunguu na majani ya maboga kwenye unga mwepesi wakavikaanga kwa mafuta mengi, mafuta ya Nairobi, hata nikaogopa kuyatazama. Kisha wakahamia mezani. Temu alikuwepo. Akaambiwa karibu, akavuta kiti, akakaa palepale, maana yeye alikuwa mtu wa ofisini na wale walikuwa watu wa ofisini, mambo yao yalikuwa na utaratibu mwingine. Nikawasikia wakimcheka jinsi anavyodondosha karoti, naye akijicheka. Nilikuwa naviweza vijiti kuliko yeye. Kupitia ufa nilimwona Okuda katikati ya kelele ile, bakuli mkononi, anatabasamu mahali pasipo na mzaha. Aliinua macho kuelekea dirishani. "Dada Manka," akasema, "karibu." Wote wakageuka. Nikasema starehe. Ningesema nini kingine mbele ya watu wote wale? Kelele zikaendelea. Niliumia siku ile. Niliosha vyombo vyao nikavipanga, nikatembea hadi Pasua, na Mama Zubeda aliponiambia karibu nikampita bila hata kumjibu.

Masika yalipochanganya akapata malaria, si ajabu, mtu anashinda miguu majini. Nikampikia uji wa mchele ulioiva hadi ukapotea, na juu yake nikaweka tunda lake dogo jekundu la kwenye chupa, chungu kwa chumvi, ambalo kwao ndilo la wagonjwa. Nilikaa kwenye kiti karibu na mlango wa chumba, mlango wazi, kama inavyostahili. Alitetemeka, akatoka jasho, akasema maneno ya kwao mengi, na ndani yake nikasikia jina la binti yake likirudi rudi. Alipofumbua macho akaona bakuli mikononi mwangu. Midomo imekauka, sauti haitoki, akasema, "Karibu." Hata na homa. Nikasema, "Starehe, Bwana. Kula wewe, upone." Akafumba macho. Nikamlisha kijiko kwa kijiko, na kati ya kijiko na kijiko nilikuwa nasubiri, na nilijionea aibu kwamba hata kwa mgonjwa nasubiri.

Mchuzi wa soya ndio uliotoka nje ya nyumba ile ukaenda mjini. Alinipa chupa nzima katoni mpya ilipofika, nami nikampelekea Mama Zubeda. Alinusa, akasema hiki si cha kumpa mtu mwenye presha, kisha akampaka perege pamoja na tangawizi na kitunguu saumu, akamkaanga. Madereva wa mradi wakala, wakarudi na wenzao. Basi kwenye ubao wake wa chaki, chini ya maharage na mtori, ikaandikwa SAMAKI WA KIJAPANI, na chupa ilipokaribia kwisha akaanza kuongeza maji ya kahawa ili rangi isipotee, na hakuna aliyelalamika. Wakulima wa Mabogini walikuja siku za soko kumla Mjapani, kama walivyosema. "Mwambie Mjapani wako aje aone," Mama Zubeda aliniambia. Sikumwambia. Nilimwona mtu wa meza ya mninga.

Mwaka wake ukaisha maji yakiwa yameingia majarubani na mpunga wa kwanza umevunwa. Asubuhi ya kunilipa na kuniaga alinikabidhi sufuria yake nzito ya wali kwa mikono miwili, akainama, nami nikainama nikiwa nimeishika, tukakaribia kugongana vichwa. Vyombo vilikuwa vimefungwa kwenye makasha. Chakula hakikuwepo, kwa hiyo hakusema karibu. Nilitoka getini na sufuria kichwani nikijiambia kwamba nimemaliza mwaka, nimelipwa vizuri, sijalia, na kwamba nilichokitaka hakikuwa haki yangu kwa mtu yeyote, sembuse kwa mgeni. Nilijiambia haya yote hadi nikafika.

Jua likielekea kuzama nilitoka chumbani kwangu kwenda barazani kwa Mama Zubeda, kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kuwasha jiko la mtu mmoja. Landrova ya mradi ilikuwa imesimama nje, Temu ndani yake anasoma gazeti. Na kwenye benchi, magoti yamebana chini ya meza fupi, alikaa Okuda, mbele yake samaki wa Kijapani na wali. Shati lake lilikuwa na majani makavu mgongoni. Mama Zubeda aliniangalia kwa jicho la "mimi simo," akaingia ndani.

"Karibu," Okuda akasema.

"Starehe, Bwana," nikasema, na miguu yangu ikaanza yenyewe kuelekea meza nyingine.

"Karibu," akasema.

Nilisimama. Nadhani nilisimama kwa muda mrefu, kwa sababu Temu alishusha gazeti. Okuda akainuka, akagonga meza kwa goti, akazunguka, akavuta benchi la upande wa pili, na kwa kuwa hakujua kama inaruhusiwa kunishika mkono, akanishika ukingo wa kanga begani kwa vidole viwili, akavuta kidogo. Nikakaa. Akanimiminia maji ya kunawa kutoka kwenye birika la Mama Zubeda, na mengi yakamwagika kwenye viatu vyake.

Mama Zubeda alileta sahani yangu bila kuulizwa. Okuda akasema maneno yake, nami nikasema sala yangu, kwa sauti safari hii, na akasubiri hadi amina. Tukala kwa mikono. Alionja samaki, akafikiri. "Huyu si Mjapani," akasema. Nikamwambia najua. "Lakini mzuri," akasema, akachukua tena. Kisha, akitazama sahani yake, akaanza kunieleza kwa Kiswahili chake kile cha kupanga matofali. "Leo Mabogini wananiaga. Wamepika. Mama mmoja, mzee sana, anasema karibu. Mimi nasema starehe. Nafikiri nina adabu. Yule mama anacheka, ananishika hapa, ananivuta, naanguka kwenye majani. Anasema, 'Starehe ya nini, mwanangu, kaa ule.' Wote wanacheka." Akatoa mwiba mdomoni. "Temu alinifundisha siku ya kwanza. Mtu wa hapa akisema starehe, basi. Usimsumbue. Ni kumwaibisha. Mimi naogopa kuaibisha. Kila siku nakaribisha mara moja. Kila siku nafikiri, labda chakula changu kinamchukiza."

"Kwetu," nikamwambia, na sauti yangu haikuwa nzuri, "mtu haketi kwa karibu ya kwanza. Anasubiri ya pili. Hata akiwa na njaa. Akiwa na njaa ndiyo anasubiri zaidi."

Aliacha kutafuna. "Kwetu pia," akasema.

"Kwenu pia?"

"Mgeni anakataa. Anakataa tena. Halafu anakaa. Mtoto mdogo anajua." Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Nilifikiri ni sisi tu. Nilifikiri ninyi mnasema jambo lilivyo."

Tulitazamana. Ningependa kusema tulicheka. Temu, nilipomsimulia kanisani Jumapili ile ya habari ya kifo, alicheka hadi akakohoa, kisha akasema, "Nilikuwa mtoto, dada, nilitaka kuonekana najua watu wangu," na nikamwambia hata sisi tulikuwa watoto. Lakini pale barazani hatukucheka. Mwaka mzima ulikuwa umepita kati ya jiko na meza, tumekula wali uleule, tukiwa wawili waliolelewa namna moja. Kesho yake asubuhi angepanda ndege pale uwanjani, na sote wawili tulijua hatarudi. Akamega kipande cha samaki upande wa shavu, ule mnono, ambao kwetu hupewa mtu unayemheshimu na huenda kwao pia, sikuuliza. Akakiweka kwenye sahani yangu. Nikakila. Nikamega ndizi iliyokuwa pembeni ya sahani yangu, nikaweka kwenye yake, akaila.

Giza likaingia, Mama Zubeda akawasha kandili. Wateja wengine walikuja, wakala, wakaondoka. Tuliacha kuongea, maana Kiswahili chake kilikuwa kimekwisha. Tulikula punje kwa punje, kwa sababu sahani zikiisha tungeinuka. Mama Zubeda akaja na kitambaa chake cha kupangusia, akatazama mifupa, akanyoosha mkono.

"Mmemaliza?"

"Bado," nikasema.

Okuda akaweka kiganja chake juu ya ukingo wa sahani. "Bado," akasema.

Mama Zubeda akakitupa kitambaa begani, akarudi ndani.